Namna ya Kupima Kurudi kwa Wanyama katika Makazi ya Pwani Yaliyorejeshwa

Katika ghuba ya San Diego, jimboni California, kinamasi cha chumvi kilitengenezwa upya katika miaka ya 1980 na kupandwa nyasi za Spartina kwa lengo lililotajwa waziwazi: kumpatia mahali pa kutagia ndege mmoja wa majini, mwenye umbo kama la kuku mdogo, ambaye idadi yake ilikuwa imeshuka mno. Nyasi ziliota, zikaenea, na kwa mtazamaji aliyesimama ukingoni eneo lilionekana limepona. Ndege hakutaga. Mwanaikolojia Joy Zedler na wenzake walipochunguza sababu, waligundua kwamba nyasi zilikuwa fupi mno. Ndege huyo hujenga kiota chake katikati ya mashina marefu, ili maji yanapojaa kiota kielee bila kuchukuliwa na mkondo, na ili mwewe wasimwone kwa urahisi. Udongo uliotumika ulikuwa wa kichanga, nao haukuweza kuhifadhi naitrojeni. Mbolea iliporefusha nyasi kwa muda, walizuka wadudu gamba wakazishambulia, kwa kuwa mbawakawa wanaowala wadudu hao hawakuwa wamefika katika kinamasi kipya.

Mfano huo nimeutanguliza kwa sababu taarifa nyingi za urejeshaji wa pwani huhesabu miche iliyopandwa na hekta zilizofunikwa, kisha zikadai kwamba uhai umerejea. Uoto ni nyumba; kuwapo kwa nyumba hakuthibitishi kuwapo kwa wakazi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima wakazi wenyewe, iwe eneo lako ni msitu wa mikoko, kinamasi cha chumvi, uwanda wa majani ya bahari au tuta la chaza. Hauhitaji maabara kubwa, ila unahitaji subira ya miaka na nidhamu ya kufanya jambo lilelile kwa namna ileile kila mara.

Amua unamtafuta nani, na kwa nini

Kosa la kwanza ni kwenda pwani na ndoo na nyavu kabla ya kuwa na swali. Wanyama wa pwani ni wengi mno kuweza kuhesabiwa wote, na anayejaribu kuwahesabu wote huishia kuwa na orodha ndefu isiyojibu chochote. Chagua makundi machache kwa kufuata kazi yanayofanya katika makazi hayo.

Kundi la kwanza ni wale wanaoishi ndani ya tope na mchanga: minyoo, kome wadogo na jamii ndogo za kamba. Hawapendezi kupigwa picha, lakini wao ndio chakula cha karibu kila mnyama mwingine utakayemwona. Kundi la pili ni kaa na konokono wanaotembea juu ya ardhi. Kaa wa mikoko huburuta majani yaliyoanguka hadi kwenye mashimo yao, na mashimo hayo hupitisha hewa na maji katika udongo ambao bila hivyo ungekosa oksijeni. Tondo wakubwa, yaani konokono wa mikoko, nao hula majani hayohayo. Kwa hiyo kaa na tondo si wapangaji tu: wanashiriki kuijenga nyumba yenyewe, na kukosekana kwao ni dalili kwamba mzunguko wa virutubisho haujaanza kufanya kazi. Kundi la tatu ni samaki na kamba wanaoingia na maji yanapojaa na kutoka yanapokupwa. La nne ni ndege, ambao wengi wao hufanya kinyume chake, wakija kula tope linapofunuliwa.

Chagua angalau kundi moja kati ya mawili ya kwanza na moja kati ya mawili ya mwisho. Mnyama asiyehama humweleza mpimaji hali ya mahali hapo hasa; mnyama anayehama humweleza iwapo mahali hapo pameunganika na maeneo mengine. Kisha andika swali lako kwa sentensi moja inayoweza kujibiwa kwa hesabu, kwa mfano: Je, wingi wa samaki wachanga wanaoingia katika hori (kijito cha maji ya bahari kinachoingia ndani ya msitu au kinamasi) la msitu uliopandwa unakaribia ule wa hori la msitu wa asili, na baada ya miaka mingapi? Sentensi isemayo tu kwamba unataka kuona iwapo bayoanuwai imeongezeka si swali bado, ni matumaini.

Tafuta vitu vya kulinganishia

Sehemu hii ndiyo huamua kama kazi yako itakuwa na thamani, nami sitaipitia haraka.

Tuseme umehesabu kaa katika msitu wa mikoko uliopandwa miaka mitano iliyopita ukapata kaa 12 katika kila mita ya mraba. Idadi hiyo haina maana yoyote peke yake. Huenda kaa walikuwa 12 hata kabla ya kupanda. Huenda mwaka huu kaa wameongezeka katika pwani nzima kwa sababu ya mvua au halijoto ya maji, wala msitu wako haukuchangia kitu. Huenda msitu wa asili wa jirani una kaa 40, na wako bado uko mbali. Ili kuzikata shaka hizo tatu kwa pamoja, unahitaji vipimo vya nyakati mbili na vya maeneo ya aina tatu.

Nyakati mbili ni kabla na baada ya urejeshaji. Vipimo vya kabla ndivyo husahauliwa zaidi, kwa kuwa wakati huo kila mtu ana hamu ya kupanda, lakini havirudiwi. Ukiweza, pima kwa misimu miwili au zaidi kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Maeneo matatu ni haya: eneo linalorejeshwa, eneo lililoharibika vilevile ambalo litaachwa bila kuguswa, na eneo la asili lenye afya, ambalo ndilo kioo cha kule unakotaka kufika. Eneo lililoachwa linaonyesha mabadiliko ambayo yangetokea hata bila kazi yako. Eneo la asili linaonyesha umbali uliobaki. Yote matatu yafanane kwa kimo cha ardhi kulingana na maji, kwa chumvi ya maji, na kwa umbali kutoka mdomo wa mto au bahari ya wazi, maana tofauti ndogo ya kimo pwani huleta wanyama tofauti kabisa.

Iwapo unaweza kupata maeneo mawili au matatu ya kila aina, fanya hivyo, hata ikibidi kupunguza idadi ya sampuli katika kila moja. Fremu 20 zilizowekwa ndani ya kipande kimoja cha msitu zinaeleza habari za kipande hicho kimoja tu. Si sawa na vipande 20. Watu wengi wenye elimu kubwa wamejikwaa hapa, wakageuza upekee wa mahali pamoja kuwa kanuni ya pwani yote.

Pima kwa kufuata maji

Mpimaji wa pwani anaongozwa na mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kukupwa sana mwezi ukiwa mpya au mpevu, hufunua na kufunika ardhi zaidi kuliko maji mafu, ya mwezi ukiwa nusu, na samaki wanaofika ndani kabisa ya msitu wakati wa bamvua huenda wasifike siku nyingine. Chagua hali moja ya maji kwa kila kundi la wanyama na uishike katika kila ziara na katika kila eneo. Andika pia saa, halijoto, chumvi ya maji na, ukiwa na kifaa, oksijeni iliyoyeyuka. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokueleza baadaye kwa nini mwezi fulani ulitoka tofauti na mingine.

Kwa wanyama wa ndani ya tope, sukuma bomba lenye kipenyo cha takriban sentimita 10 hadi kina cha sentimita 15 au 20, toa udongo uliomo, na uusafishe kwa maji ya bahari juu ya chekeche lenye matundu ya nusu milimita. Kinachobaki kihifadhiwe kwenye chupa yenye lebo ya mahali na tarehe, ndani na nje ya chupa, kwani wino wa nje hufutika. Usibadilishe ukubwa wa matundu katikati ya mradi: chekeche la milimita moja hupoteza minyoo wengi wadogo, na mtu atakayesoma takwimu zako atadhani wamekufa.

Kwa kaa, weka fremu ya mraba yenye upande wa mita moja maji yakiwa yamekupwa, rudi nyuma hatua kadhaa, kaa kimya kwa muda wa dakika 10 hadi 15, kisha uhesabu walio juu ya ardhi kwa darubini. Njia nyepesi ni kuhesabu mashimo, na inafaa pale unapotaka kulinganisha tu, ila ujue mapungufu yake: shimo moja huweza kuwa na milango zaidi ya mmoja, na mashimo mengine ni mahame. Ukichagua mashimo, endelea na mashimo hadi mwisho. Tondo na konokono wengine huhesabiwa ndani ya fremu hiyohiyo, na wanafaa sana kwa anayeanza kwa kuwa hawakimbii.

Samaki ndio wagumu. Katika hori, njia ya uhakika ni kuziba mdomo wa hori kwa wavu wenye macho madogo maji yakiwa yamejaa kabisa, na kukusanya kila kinachotaka kutoka yanapokupwa. Kwenye majani ya bahari hutumika juya dogo, yaani wavu wa kukokota, lenye urefu unaojulikana, likivutwa kwa umbali ule ule kila mara. Penye maji maangavu, kamera iliyotegwa chini huona samaki bila kuwagusa. Vyovyote iwavyo, usihesabu vichwa tu: pima urefu wa kila samaki. Urefu ndio utakaokuambia kama wapo wachanga wanaokulia hapo au ni wakubwa wanaopita kutafuta chakula, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha dai kwamba pwani ni kitalu cha samaki. Waliopimwa warudishwe majini haraka, ndani ya ndoo yenye maji yanayobadilishwa.

Ndege wahesabiwe mara mbili: maji yakikupwa wanapokula, na yakijaa wanapojikusanya mahali pakavu kupumzika. Eneo lisilo na mlo linaweza kuwa muhimu kwa mapumziko, na kinyume chake. Kwa kuwa vitwitwi wengi, yaani ndege wadogo wanaodonoa tope la pwani, ni wahamaji, hesabu ya mwezi mmoja ilinganishwe na ya mwezi uleule mwaka mwingine, si na mwezi wowote ule. Andika pia wanachofanya, maana ndege 50 wanaodonoa tope ni habari tofauti na ndege 50 waliolala.

Siku hizi maji yanaweza kuchujwa na kuchunguzwa mabaki ya DNA yaliyoachwa na wanyama. Ni njia nzuri ya kugundua spishi adimu zisizonaswa na wavu, lakini maji ya bahari hutembea, na mabaki hayo hutembea nayo. Kwa hiyo yanaonyesha kwamba mnyama yuko karibu, si lazima kwamba anaishi ndani ya eneo lako, wala hayatoi idadi ya kuaminika.

Kuhusu vibali, pata vyote vinavyotakiwa kabla ya kuanza. Epuka viota, na uweke njia moja ya kukanyaga, kwa sababu miguu ya wapimaji kwenye majani ya bahari na tope laini huacha alama za miezi.

Kusoma takwimu bila kujidanganya

Mwaka wa kwanza na wa pili mara nyingi hufurahisha kuliko inavyostahili. Wanyama wanaozaliana haraka na kuvumilia misukosuko hufika kwa wingi, hesabu inapanda, kisha inashuka kadiri spishi nyingine zinavyoingia. Anayesimamisha kazi mwaka wa pili huandika ushindi. Anayesimamisha mwaka wa nne huandika kushindwa. Wote wawili wamekata hadithi njiani. Uchambuzi wa Moreno-Mateos na wenzake wa mwaka 2012, uliojumuisha maeneo oevu 621 ya sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba hata baada ya takriban karne moja muundo wa kibiolojia wa maeneo yaliyorejeshwa ulibaki chini ya ule wa maeneo ya asili kwa wastani wa asilimia 26, na upungufu huo ulitokana zaidi na mimea. Ikiwa fedha zako zinatosha kwa ziara kumi tu, mimi ningezitawanya katika mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano, wa nane na kuendelea, kuliko kuzimaliza zote katika miaka miwili.

Idadi ya spishi nayo ni kipimo kinachopotosha. Maeneo mawili yanaweza kuwa na spishi 15 kila moja bila kushirikiana hata moja. Kwa hiyo linganisha majina, si jumla pekee: ni nani wa msitu wa asili ambao bado hawajaonekana kwako? Mara nyingi wanaokosekana ni wawindaji wa juu na wale wanaotegemea kitu kinachochelewa, kama vile matundu ya miti mizee, tabaka nene la majani yaliyooza, au mashina marefu kama yale ya San Diego.

Kisha lipo swali gumu la iwapo wanyama wameongezeka au wamehama tu. Tuta jipya la chaza linaweza kujaa samaki wiki chache baada ya kuwekwa, nao wakawa wametoka kwenye matuta ya jirani. Ushahidi wa ongezeko la kweli ni wa aina kadhaa unaopaswa kusomwa pamoja: samaki wachanga wa ukubwa mbalimbali waliokulia hapo, wanyama wenye mayai, matumbo yaliyojaa chakula cha eneo hilo, na maeneo ya jirani ambayo hayakupungukiwa. Usisite pia kutazama mbali. Utafiti wa Mumby na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Karibi ulionyesha kwamba uzito wa jumla wa spishi kadhaa za samaki wa matumbawe zenye thamani ya kibiashara uliongezeka zaidi ya maradufu pale ambapo matumbawe yaliunganika na mikoko, na kwamba spishi moja kubwa ya pono, Scarus guacamaia, ilitoweka mahali ambapo mikoko ilikatwa. Mpimaji aliyehesabu ndani ya mikoko peke yake asingeliona nusu ya faida hiyo.

Wanyama wasipofika

Hesabu zikionyesha kwamba wanyama hawaji, usikimbilie kupanda tena. Chunguza kwa mpangilio huu: maji, njia, chakula na kificho, kisha chimbuko.

Maji ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo chanzo cha makosa mengi. Robin Lewis, mtaalamu wa Florida aliyetumia miongo kadhaa kurejesha mikoko, alisisitiza kwamba mikoko kwa kawaida huota kwenye ardhi iliyo juu ya usawa wa wastani wa bahari, isiyofunikwa na maji zaidi ya takriban thuluthi moja ya muda, na kwamba kurekebisha mtiririko wa maji mara nyingi huifanya mikoko ijipande yenyewe. Upandaji mkubwa uliofanywa Ufilipino kwenye tope la chini kuelekea baharini, na hata juu ya majani ya bahari, uliishia miche mingi kufa. Tope hilo halikuwa tupu: lilikuwa meza ya vitwitwi. Kabla ya kuita mahali jangwa, chimbua bomba moja la tope na uone kilichomo. China iliingiza nyasi za Spartina alterniflora mwaka 1979 ili kushika udongo wa pwani, zikaenea juu ya matope ambayo ndege wahamaji hutegemea, na sasa nchi hiyo inagharamia kuzing'oa. Uoto umeongezeka na wanyama wamepungua, jambo ambalo picha ya setilaiti ingelihesabu kuwa mafanikio.

Njia maana yake ni mahori. Eneo lililosawazishwa kama uwanja wa mpira haliwapi samaki pa kuingilia wala pa kukimbilia maji yanapokupwa. Huko Steart, kusini magharibi mwa Uingereza, ukuta wa bahari ulipobomolewa mwaka 2014 ili maji yarudi mashambani, mtandao wa mahori ulikuwa tayari umechimbwa. Ikiwa eneo lako halina, chimba machache yanayopindapinda na kuacha maji yachonge mengine.

Chakula na kificho huonekana katika sampuli zako za tope. Minyoo wakiwa wachache, pima kiasi cha mboji katika udongo: udongo uliochimbuliwa kutoka kwingine huwa maskini kwa miaka, na ndege hawatakuja kabla ya minyoo.

Chimbuko ni swali la iwapo wapo wazazi karibu wa kuleta viluwiluwi. Katika maghuba ya pwani ya Virginia, majani ya bahari yaliyotoweka miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga yalirejeshwa kwa kutawanya mbegu zaidi ya milioni 70, hata yakafikia takriban hekta 3,600. Samaki walikuja wenyewe. Kombe wa ghuba, ambao walikuwa wametoweka huko tangu majani yalipokufa, ilibidi waletwe kwa mikono ya watu.

Na wakati mwingine anayekosekana ni mnyama ambaye hukumweka hata kwenye orodha yako. Katika kinamasi cha Elkhorn Slough, California, fisi-maji wa baharini waliporudi walikula kaa. Kaa walipopungua, konokono wasio na gamba na jamii ndogo za kamba wanaosafisha mwani juu ya majani ya bahari waliongezeka, na majani yakastawi licha ya maji kujaa mbolea ya mashambani. Kwenye kingo za kinamasi hichohicho, kaa wachache walimaanisha mashimo machache na ardhi iliyomomonyoka polepole zaidi. Kwa hiyo katika fomu yako ya kuhesabia acha safu moja bila kichwa, kwa ajili ya mnyama yeyote uliyemwona bila kumtarajia, pamoja na saa, hali ya maji, na alichokuwa akila.